Mwosha wa Gerezani

Kwa Mzee wa Mapipa, chuma kilikuwa mtu. Sisemi kwa mafumbo. Ukimletea giaboksi iliyojaa grisi mpaka huoni rangi yake, hatasema "iweke hapo" kama tulivyofundishwa shuleni. Atasema, "Mlaze hapo. Taratibu, ana maumivu." Ukimuuliza itakuwa tayari lini, atakujibu, "Ataamka kesho saa nne." Mwalimu wangu wa Kiswahili, aliyenichapa kwa kuchanganya ngeli, angekaa pale nusu saa tu angepandwa na presha.

Nilikuwa jirani yake miaka sita pale Gerezani, upande wa vipuri, kabla uwanja wetu haujachukuliwa kujengwa ghorofa na yeye akahamishia mapipa yake Buguruni. Mimi niliuza nati na bolti za mtumba, meza yangu hatua nne kutoka pipa lake la kwanza. Nilimaliza kidato cha nne na matokeo ambayo mama aliyakunja akayaweka chini ya godoro, na mpaka leo hajayatoa. Kwa hiyo nikikosea pahala nivumilie. Ila huyu mzee namjua.

Mapipa yalikuwa matatu. La kwanza la mafuta ya taa. La pili la maji ya moto yenye kostiki, ile soda kali wanayotengenezea sabuni, na chini yake moto wa maranda. La tatu la maji safi, na hilo lilikuwa na mfuniko, na juu ya mfuniko tofali, na juu ya tofali mara nyingi alikaa yeye mwenyewe. Kazi ilikwenda hivi: kwanza anakwangua grisi kwa kijiti cha mbao. Kisha analaza chuma kwenye mafuta ya taa mpaka uchafu ulegee, anapita na brashi. Kisha kostiki, kama chuma chenyewe kinaivumilia. Kisha maji, na maji tena, na maji ya tatu. Halafu anafuta kwa kitambaa cha khanga kuukuu, anaanika juani. Na akishamaliza yote hayo, akishatoa mafuta mpaka chembe ya mwisho, anachukua kitambaa kingine na kupaka mafuta.

Mara ya kwanza kuona hilo nilidhani amechanganyikiwa.

"Mzee, si umetoka kuyatoa sasa hivi?"

"Nimetoa ya uchafu. Haya ya kumzuia kutu."

"Lakini mafuta si mafuta?"

Akanitazama kwa huruma. "Wewe ukitoka kuoga hujipaki?"

Nikajigusa shavu. Nilikuwa nang'aa usoni kama sufuria.

Watu walimkasirikia kwa polepole yake. Mafundi wa Gerezani wanataka kila kitu jana. Yeye alikuwa na msemo, "Mafuta hayatoki kwa hasira," na aliusema hata pale usipohusu, kwa mfano mtu akilalamikia foleni ya benki Posta. Siku moja fundi pikipiki alimletea kabureta. Mzee akaiweka kwenye mafuta ya taa akaanza kuisugua kwa mswaki. Fundi akasema, mbona huyu mzee ananichelewesha, kwa nini asiitupe kwenye pipa la moto mara moja? Mzee akamwambia, "Huyu ni wa alumini. Kostiki inamla." Fundi akacheka, akangoja mzee ageuke kusalimiana na mtu, akaidumbukiza mwenyewe.

Pipa likachemka kama soda iliyotikiswa. Mapovu yakapanda. Fundi alipoivua kwa waya, kabureta ilikuwa imesinyaa, imejaa vishimo kama andazi lililotafunwa na panya.

"Sasa?" fundi akauliza.

Mzee wa Mapipa akavua kofia. "Sasa tumpe pole."

Na mswaki huo nao una kisa. Alikuwa na miswaki ya kuoshea vitundu vidogo, na mmoja aliuchomeka nyuma ya sikio kama fundi seremala anavyochomeka penseli. Jioni alitembea nao mpaka nyumbani Ilala. Asubuhi moja mkewe alimkuta bafuni anapiga mswaki kwa raha zake, povu jeusi linashuka kidevuni. Ule wa kabureta. Hakuhisi lolote! Miaka ya mafuta ya taa na petroli ilikuwa imemuua pua, na ulimi nao ukaifuata. Mkewe, tuliyemwita Bi Mkubwa, alitoka mbio kuwaita majirani waje washuhudie. Mzee alisema tu kwamba ndiyo maana siku ile meno yalikuwa mepesi.

Tena usidhani kwamba mtu wa namna hiyo alichukia mafuta mwilini mwake. Pilau yake ilibidi ichuruzike mafuta mpaka kwenye kiwiko. Samaki wa kukaanga wa Feri aliwafunga kwenye gazeti, kisha akalilamba gazeti. Na baiskeli yake, kinyozi hajinyoi, ilikuwa na mnyororo mchafu kuliko chochote kilichowahi kuletwa pale. Nilimwambia. Akasema, "Huyo ni wa nyumbani. Ataogeshwa siku ya Idi." Idi sita nilizihesabu.

Lakini mzee huyu aliyechekwa na kila mtu, alikuwa na hofu moja, nayo haikuwa ya kuchekesha kwake hata kidogo. Alikuwa na binti mmoja, rafiki yangu, mwalimu wa chekechea, mwenye sauti ya kuimba hata akikugombeza. Na mzee aliamini kwamba harufu yake ndiyo itakayomkosesha binti huyo mume. Hakuwa anaisikia, ndiyo maana aliiogopa zaidi. Unaweza kuogopa nini zaidi ya kitu ambacho wote wanakijua isipokuwa wewe?

Tayari posa moja ilikuwa imeharibika. Walikuja wazee wa heshima kutoka Temeke, wakakaribishwa, wakakaa. Mmoja wao akatoa sigara, akawasha kiberiti. Mzee wa Mapipa, ambaye nguo zake kwa miaka mingi zilikuwa zimelowa petroli na mafuta ya taa, aliruka kutoka kwenye kochi, akampokonya sigara mdomoni, akaitupa dirishani, akamwagia kiberiti maji ya kunywa pamoja na kanzu ya mgeni. Wale wazee hawakurudi. Kijana mwenyewe akaoa Mbagala.

Tangu hapo alijiosha kama anavyoosha giaboksi. Ndimu. Majivu. Sabuni ya unga. Siku moja nilifika mapema nikamkuta amejitumbukiza mwenyewe ndani ya pipa la tatu, kichwa tu kinaonekana, kofia kavaa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Pita tu mwanangu, jifanye hujaona."

"Sijaona."

"Basi njoo uninuse."

Nikanusa. Nikamwambia anaendelea vizuri. Nilidanganya, Mungu anisamehe. Macho yangu yalikuwa yanatoka machozi, na sehemu yalikuwa ya huruma na sehemu yalikuwa ya mafuta ya taa.

Ndipo akatokea kijana wa pili. Fundi simu, mtoto wa Magomeni, mpole, anampenda binti mpaka anasahau kufunga mifuniko ya simu za watu. Kwao wakamtuma mshenga aje kuulizia ukoo wa binti ni watu gani. Mshenga akaja Gerezani na kanzu nyeupe pee. Kwa kuogopa matone hakusogea kwenye mapipa, akasimama mezani kwangu.

"Binti, yule mzee shughuli yake nini?"

"Yule? Ni mwosha," nikasema.

Uso ukambadilika. "Maashallah. Anaosha wengi?"

"Wengi mno. Wengine wanatoka mikoani, wanaletwa na malori."

Unaona, sisi majirani tulikuwa tumeshaambukizwa ngeli zake. Mshenga akatikisa kichwa kwa heshima, akaniachia baraka nyingi, akaondoka kuelekea Mnazi Mmoja bila kumwamkia mwenyewe. Nikasema moyoni, hatimaye mtu anaijua thamani ya kazi ile! Nilifurahi siku nzima. Haikunipitia kichwani kwamba kwa Mswahili yeyote aliyekaa mjini, ukisema "mwosha" bila kuongeza neno, umesema mtu anayeosha maiti.

Siku ya posa nilikuwa nyuma ya pazia na binti, tumeshikana mikono, sikio moja kila mmoja kwenye kitambaa. Bi Mkubwa alikuwa amefukiza udi kiasi cha kufukuza mbu wa Ilala yote. Walikuja baba wa kijana, mjomba wake, na babu yake, mzee mwembamba mwenye sauti ya taratibu. Kijana mwenyewe alijua vizuri kazi ya mkwewe mtarajiwa, lakini kwenye posa anayeoa ndiye wa mwisho kuulizwa.

Babu ndiye aliyeanza. "Nimesikia sisi ni watu wa kazi moja."

Mzee wa Mapipa akachangamka. "Wewe nawe mwosha?"

"Mwaka wa thelathini huu. Pale msikitini kwetu. Tuna chumba chetu na meza."

"Chumba na meza! Mmebarikiwa. Mimi naoshea nje, juani. Watu wanapita wanachungulia."

"Unawaoshea nje?"

"Nifanyeje mwenzangu? Mvua ikinyesha nawafunika turubai."

Nikasikia kikombe cha kahawa kinagusa kisahani. "Na kwa siku wanakuja wangapi?" Babu akauliza.

"Siku nzuri kumi. Siku mbaya mmoja, wawili."

"Kumi ndiyo siku nzuri?"

"Namshukuru Mungu. Juzi nilipata sita kwa mpigo, wote wa basi moja."

"Innalillahi! Ajali?"

"Ajali gani? Uzee tu, na dereva hajali."

Binti akanigeukia, macho makubwa. Yeye ndiye aliyeelewa kwanza. Akaniuliza kwa midomo bila sauti: hawa waliambiwa nini? Na mimi hapo nikamkumbuka yule mshenga.

Upande wa pili Mzee wa Mapipa alikuwa ameshanoga. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa amepata mtu wa kuzungumza naye kazi.

"Wewe mwenzangu unatumia nini?"

"Maji ya mkunazi," Babu akajibu kwa wasiwasi. "Na kafuri mwishoni."

"Mkunazi! Yanakata grisi hayo? Mimi nawalaza kwenye mafuta ya taa mpaka walegee. Mwenye kichwa kibovu, kichwa nakitoa kwanza, nakiosha peke yake."

Kikombe kikaanguka. Baba wa kijana akauliza, "Na wenyewe wasipokuja kuwachukua?"

"Nawapa miezi mitatu. Baada ya hapo nawauza kwa kilo."

Binti aliniuma bega asipige kelele. Alama ninayo.

"Unawauzia nani?" Babu akanong'ona.

"Wanunuzi wa chuma chakavu."

"Chuma?"

"Sasa injini utamwuzia nani, mkaanga samaki?"

Kisha baba wa kijana akasimama. Alisema kwa adabu, lakini kila neno lilikuwa na mwiba. Alisema ameshawatangazia watu msikitini kwamba wanaoa kwa mtu wa kheri, mwosha, na kumbe ni mwosha magari. Alisema wamefanywa wajinga. Mzee wa Mapipa akawa anageuka huku na huku, "Lakini mimi ni mwosha, mimi ni mwosha kweli," kama mtoto anayeambiwa si mtoto wa nyumba hii. Wakasema watatujulisha. Waliondoka na vitumbua havijaguswa. Babu alitoka wa mwisho, akimtazama mwenyeji wake mikono.

Jumatatu nilimwendea mapipani kukiri. Nilikuwa nimejipanga kwa maneno mazuri, lakini nilipofika nikalia tu.

"Mzee, mimi ndiye niliyemwambia mshenga."

"Ulimwambia nini?"

"Mwosha."

Akafikiri. "Sasa kosa liko wapi hapo?" Kisha akanipa kile kitambaa cha khanga nifute machozi, nikafuta, nikawa na mstari mweusi kutoka sikio mpaka sikio.

Lakini alikuwa ameumia. Nilijuaje? Fundi mmoja alimletea injini ya bajaji asubuhi ile, naye akasema, "Iweke hapo."

Iweke! Mafundi wawili waligeuka. Mwuza kahawa akasimamisha birika hewani. Wiki nzima alisema "iweke," "itakuwa tayari," "njoo uichukue," ngeli zote zimenyooka kama za mtangazaji wa redio, na kila moja ilinichoma. Binti naye shuleni alikuwa amenyamaza kuimba. Watoto wa chekechea walimuuliza kama anaumwa koo.

Jumamosi, jua la saa tano, nikaona kofia nyeupe inakuja taratibu kati ya mikokoteni. Babu wa Magomeni. Peke yake, na mfuko wa sandarusi begani, mzito, unamwinamisha. Kabla hajashika mkono wa mtu akautua mbele ya mapipa.

"Pampu ya msikitini," akasema. "Inavuta maji ya kisima. Fundi aliyeitengeneza ameipaka grisi mpaka ndani ya mdomo. Watu wakisukutua wakati wa kutawadha wanatema mafuta. Mwanangu anasema tumeshawapa jibu. Mimi sijatoa jibu langu. Ioshe, niione kazi yako."

Mzee wa Mapipa alipiga magoti. Hakutaja binti, hakutaja posa. Akaifungua pampu vipande, akaanza na kijiti. Babu akavuta kigoda changu akakaa, fimbo kati ya magoti. Mzee akakwangua, akalaza kwenye mafuta ya taa, akapitisha mswaki kila tundu. Vya chuma cha pua vikaenda kwenye kostiki, vya shaba akaviweka kando, "Hawa hawaivumilii," akasema, na mimi pale mezani nikashika moyo, amesema "hawa"! Akasuuza maji ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Akaunga pampu upya.

"Humpaki mafuta?" nikamuuliza kwa sauti ndogo.

"Huyu atapita kinywani mwa watu. Hapakwi."

Babu akatoa kikombe mfukoni. Alikuja nacho! Akaomba maji ya kunywa, nikampa dumu langu. Mzee wa Mapipa akamimina maji mdomo huu wa pampu, yakatokea mdomo ule, yakajaa kikombe. Babu akanywa. Akafumba macho.

"Bado," akasema.

Mzee wa Mapipa hakubisha. Akafungua, akasuuza, akaunga. Babu akanywa.

"Bado."

Sasa watu wameanza kukusanyika. Mafundi, mwuza kahawa, dada wa mihogo. Kikombe cha tatu, "Bado." Cha nne, "Bado kidogo." Fundi mmoja akapaza sauti, "Babu, si useme tu hutaki!" Tukamzomea anyamaze. Mzee wa Mapipa jasho linamtiririka, mikono imekunjamana kwa maji kama zabibu, na hakusema hata mara moja kwamba ni safi. Hakuweza kujua. Alimtazama Babu midomo tu, halafu anarudi kwenye maji.

Cha tano. Cha sita. Mwuza kahawa akaleta dumu jingine bila kuombwa. Mimi nilikuwa naomba dua zote ninazozijua, na ninazijua chache, nikawa nazirudia.

Kikombe cha saba Babu alikinywa nusu akakishusha. Kisha akacheua, cheuo refu, la mtu aliyeshiba.

"Yalikuwa safi tangu kikombe cha kwanza," akasema.

"Sasa mbona umesema bado?" Mzee wa Mapipa akauliza. Hakukasirika, alitaka kujua tu.

"Kwa sababu kwangu mimi, wale ninaowaosha, hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia rudia. Nani angejua nikiruka maji ya pili? Ninyi wa injini mwenye mali anaweza kulalamika. Nilitaka kuona mtu anayeambiwa rudia bila haki anafanyaje." Akajaribu kusimama, akakaa tena, akabana magoti. Uso ukabadilika. "Mwanangu nitazungumza naye leo. Tarehe mtapanga nyinyi wenye binti. Ila kwanza, ndugu yangu, nionyesheni choo kiko wapi. Vikombe saba si mchezo."

Hapo Mzee wa Mapipa akaruka. Alitupa mswaki, akafunua pipa lake la tatu, lile asilomruhusu mtu hata kulichungulia, akachota kopo la maji likafurika, akamshika Babu mkono kwa ule wa kwake mweusi unaochuruzika, wakaanza kukata katikati ya mikokoteni na mabegi ya watu, kofia ya mmoja imepinda, kanzu ya mwingine imeloa mpaka magotini, na sauti ya mzee inasikika mpaka mtaa wa pili:

"Pisheni! Pisheni jamani! Mkwe wangu anapita!"